Jean-Marie Faradji, Aliyesomea Mwendo wa Watu

Ndugu, jamaa na majirani, nanyi mliotoka Kasongo na Lusangi kwa mvua hii: tunayemzika leo, Jumatatu tarehe 16 Novemba 1959, ni Jean-Marie Faradji, mwana wa Mzee Atumani na Mama Marie-Thérèse Binti Abedi. Familia ilimwomba dada yake mdogo, Célestine, aandike maisha yake na kuyasoma hapa, ndiye huyu mnayemwona amesimama. Wengine walisema afadhali asome mwanaume, sauti isije ikakatika. Ikikatika, mtasubiri.

Marehemu alizaliwa hapa Wamaza tarehe 9 Machi 1931, akabatizwa mwezi wa tano mwaka huohuo. Alikuwa mtoto wa kwanza. Baba yake alikuwa mpagazi wa askari hadi Tabora katika vita ya kwanza ya Wazungu, akarudi bega moja likiwa chini kuliko lingine, na Faradji alilitazama bega lile tangu akiwa mgongoni. Tangu hapo hakuacha kutazama jinsi watu wanavyokwenda. Alikuwa akikaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, anakutajia nani anapita nje kwa kusikia hatua tu. Tena alikuwa mwigaji, Mungu amsamehe. Siku moja alimfuata katekista nyuma nyuma hadi mlangoni mwa kanisa, tumbo mbele, visigino nje, kijiji kizima kimeshika mbavu. Katekista akageuka. Viboko sita! Alimwiga kila mtu wa Wamaza, hata padri, ila Célestine hakumwiga hata siku moja.

Mwaka 1943 Célestine, akiwa na miaka saba, alishikwa na homa ya siku tatu. Homa ikatoka, lakini mguu wa kulia haukupona pamoja naye. Goti lilikosa nguvu. Akisimama, linajikunja bila kuomba ruhusa. Ilimbidi ashike paja kwa mkono katika kila hatua, na mpaka leo ndivyo anavyokwenda. Faradji alikuwa na miaka kumi na miwili. Alimbeba mgongoni kwenda mafundisho ya dini, watoto wakiwacheka wote wawili, akamwambia njiani: "Célestine, usilie. Nikikuwa mukubwa, nitakunyoshea huu muguu." Maneno ya kitoto. Lakini aliyashika, na dada yake aliyashika zaidi.

Alisoma shule ya msingi hapa misheni, kuanzia 1938 hadi 1944, kisha akaendelea na masomo Kasongo hadi 1951. Hapo akafanywa mwalimu wa hesabu na mazoezi ya mwili. Mwaka 1954 jina lake lilitoka kati ya wachache waliopelekwa chuo kikuu Léopoldville, na baada ya mwaka wa matayarisho akaingia kusomea elimu ya mwendo wa mwili wa binadamu: mifupa, misuli, uzito, na jinsi vinavyosukumana mtu anapotembea, anapobeba, anapopanda mlima. Wazungu wanaiita biomekanika. Mzee Atumani alipoelezwa, aliuliza: "Kutembea kunasomwa namna gani? Mutoto wa mwaka moja anajua!" Basi ikawa wimbo wa kijiji: Faradji amepanda boti na treni, amekwenda Léopoldville kujifunza kutembea. Mnacheka. Wengi wenu ndio mliokuwa mkiyasema hayo.

Yeye hakukasirika. Alimwandikia baba yake: "Baba, bega lako halikushushwa na uzee. Lilishushwa na masanduku ya Tabora, na ninaweza kukuonyesha kwa hesabu." Mzee aliisomesha barua ile mara tatu, kwa wasomaji watatu tofauti, ahakikishe inasema vilevile.

Tarehe 3 Agosti 1957 alifunga ndoa Kasongo na Régina, binti wa fundi cherehani. Uchumba wenyewe ulianza na mashtaka. Mama yake Régina alikwenda kwa padri kulalamika kwamba kuna kijana wa Wamaza, aliye likizoni, kila Jumapili anatazama miguu ya binti yake. Padri akamwita. Faradji akajibu kwa adabu kwamba binti huyo anakanyaga sawasawa kushoto na kulia, jambo ambalo hajaliona kwa mtu mwingine tangu aanze kusoma. Padri hakujua amuadhibu kwa dhambi gani, akashauri posa. Juni 1958 alizaliwa mtoto wao, Cécilia.

Sasa tufike kwenye likizo ya mwaka 1958, ambayo watu wameisema sana bila kuijua.

Daktari mmoja wa Léopoldville alikuwa amekubali kumpasua Célestine goti mwezi wa kwanza wa 1959. Angelifunga mfupa na mfupa, mguu usimame wima, usijikunje tena daima. Mzee Atumani aliridhia. Célestine aliridhia mara mbili, kwa sababu kulikuwa na kijana wa Lusangi, Kasimu, aliyekuwa amekuja kumposa, na mama yake Kasimu alisema waziwazi: "Mukwe wa kuchechemea sitaki. Munyoshe kwanza." Miaka kumi na mitano Célestine alikuwa akiingoja ahadi ya njiani, na sasa ilikuwa na tarehe.

Kabla ya kupasua, Faradji alitaka kupima, na kipimo hicho ndicho kingekuwa kazi yake ya mwisho ya chuo. Alikuja Wamaza na kamera ya kuazima, timazi ya fundi mwashi, saa ya kupimia nukta, na chuma cha kufunga mguu ili goti likae wima kama litakavyokuwa likishapasuliwa. Ili viungo vionekane vizuri kwenye picha, alihitaji alama nyeupe. Akachukua pemba, ule udongo mweupe, akampaka Célestine kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu. Akampaka na mama yake, apate wa kulinganisha. Jamani! Mtu wa miaka minne ya chuo kikuu alisahau kwamba kwetu wanawake wawili wa nyumba moja wakitoka na pemba miguuni, kuna maiti ndani. Hata picha ya tatu haijapigwa, wanawake wa mtaa wa chini walishafika wakilia, wengine na kuni, mmoja na kuku. Mama Marie-Thérèse akasimama katikati ya uwanja na alama zake: "Mbona munalia? Nani amekufa?" Wakamwambia: "Si weye ndiye utuambie!" Kuku yule hakurudishwa, alipikwa, na waliokuja kulia walikula.

Kipimo kiliendelea siku sita. Kila asubuhi Célestine alipanda mlima kutoka mtoni hadi nyumbani na kitunga cha muhogo mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa hapa. Siku nyingine akiwa na chuma, siku nyingine bila. Faradji alihesabu hatua, pumzi na mapigo ya moyo. Akiwa na chuma, mguu ulikuwa umenyooka kama nguzo, na Célestine alifika juu akihema, nyonga zikimwuma, hawezi kuchuchumaa kutua mzigo. Bila chuma alifika akizungumza. Na kulikuwa na jambo ambalo Faradji alilipima mara nne kwa sababu hakuliamini: akiwa na kitunga, Célestine alikwenda vizuri kuliko akiwa mikono mitupu. Ukanda ulimlazimu ainame mbele kidogo, uzito ukapita mbele ya goti, na uzito huo ndio ulioliweka goti lisijikunje. Hata mkono hakuuweka pajani sana. Mwili wake ulikuwa umejitafutia dawa wenyewe, bila kumwuliza daktari wala kaka.

Siku ya saba jioni Faradji alimwambia baba yake: "Baba, huu muguu usiguswe. Wakiufunga, hatapanda tena mulima, hatalima, hatakaa chini kwenye jiko."

Mzee alipandwa na hasira ambayo hatukuwahi kuiona. "Miaka mine unasoma miguu ya watu! Sasa unaniambia muguu wa dada yako uachwe vile iko?"

"Ndiyo, Baba."

Faradji akamwonyesha hesabu za siku sita, wakakubaliana wao wawili, usiku hata haujaingia. Faradji akamwandikia daktari kwamba hawatakuja. Célestine aliambiwa kesho yake.

Lazima isemwe mbele ya jeneza lake, kwa sababu marehemu mwenyewe aliisema: Célestine alimchukia. Alitaka mguu ulionyooka, hakuulizwa yuko tayari kuulipia pumzi ngapi. Mama yake Kasimu aliitwa aje aone kitunga kikipanda mlima, akaja, akatazama, akasema: "Kubeba anabeba. Kuchechemea pia anachechemea." Akarudi Lusangi. Posa ikafa. Kasimu yupo hapa leo na mke wake. Célestine amewaona, amewasalimu, hana kinyongo nao. Lakini mwaka ule alilia mpaka mama akaficha kioo. Faradji aliandika barua tano. Hakujibiwa hata moja, kwa miezi minane.

Ya sita ilifika Aprili 1959. Imekunjwa hapa, na sehemu hii familia imeruhusu isomwe: "Mdogo wangu, nilipima goti, nyonga, pumzi na moyo. Aibu sikuipima, kwa sababu sina chombo chake. Niliyoyasema juu ya mguu ni kweli. Lakini mguu ni wako, na mimi na Baba tuliukatia shauri kana kwamba ni mbuzi wa familia. Hilo ni kosa langu kubwa kuliko yote niliyofanya kwa kalamu. Daktari bado yupo. Ukisema ndiyo, nitakupeleka mimi mwenyewe, nami sitatia neno."

Célestine aliiweka barua chini ya mkeka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Julai 1959 marehemu alimaliza chuo, na kazi yake kuhusu mwanamke wa huku kwetu Kabambare anayebeba kwa paji la uso ilipokelewa kwa heshima. Lakini alirudi Kasongo mwezi wa nane uso umevimba. Yalikuwa maradhi ya figo. Septemba miguu ilivimba hadi viatu vikakataa, na tarehe 2 Oktoba alilazwa hospitali. Masista na waganga wa hospitali walimtunza kwa moyo, familia inawashukuru. Mwenye kupima mwendo wa watu akawa hawezi kwenda hata dirishani.

Habari zilipofika Wamaza, mvua ilikuwa imekata barabara, kamyo za mizigo hazipiti. Célestine alijaza kitunga: unga, samaki wakavu, nguo za mtoto, akatoka kwa miguu pamoja na wanawake waliokuwa wakienda soko la Kasongo. Siku nne. Milima yote ile, tope lote lile, na kitunga kikamshika kama kilivyomshika siku za kipimo. Siku ya tatu ndipo alipoacha kumkasirikia. Hakukuwa na malaika wala ndoto. Alikuwa amepanda mlima akiwa wa pili katika wanawake tisa, akageuka nyuma kuwasubiri.

Alipokanyaga baraza ya hospitali, sauti ilitoka ndani kabla hajaonekana: "Célestine huyo. Tena amebeba." Régina alidhani ni homa inasema.

Akaingia, akatua mzigo, akakaa chini kando ya kitanda, miguu amekunja, kama apendavyo kukaa. Wakaulizana hali. Kisha akampa kaka yake jibu lililokawia: "Yaya, muguu ubaki."

Faradji akamtazama sana. "Ni mimi nakusukuma, ao ni weye?"

"Ni mimi. Ungeniuliza siku ile, labda ningesema ingine. Lakini sasa ni mimi."

Akasema, "Aksanti," akalia, na Célestine naye akalia, na Régina, ambaye hakujua yanayosemwa, akalia kwa kuwaunga mkono.

Aliishi wiki tatu baada ya hapo. Alimfundisha Régina kuandika orodha ya vitabu vyake, akamsikiliza Cécilia akijaribu hatua zake za kwanza sakafuni. Alipokea sakramenti zote. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Novemba 1959, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake mikononi mwa mke wake, akiwa na miaka ishirini na minane. Barabara ikiwa imefunguliwa tena, kamyo ya misheni ilimleta hapa nyumbani.

Ameacha mke, Régina, binti, Cécilia, wazazi wake, Mzee Atumani na Mama Marie-Thérèse, dada yake, Célestine, wanafunzi aliowafundisha Kasongo, na nyinyi nyote ambao aliwaiga. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Amlaze mahali pa utulivu, ampe raha isiyo na uchovu.

Limebaki jambo moja. Kutoka hapa kanisani hadi makaburini ni mlima, mnaujua. Wazee wameomba Célestine apande kamyo ya misheni, maiti isicheleweshwe. Wamesema kwa wema. Lakini yeye ameamua atangulie mbele ya jeneza kwa miguu yake, na kitunga mgongoni, ndani yake mawe ya kuzungushia kaburi. Wabebaji, mtafuata mwendo wake. Anayeona ni wa polepole, apunguze hatua.

Niwekeeni ukanda. Twende.