Mama Hatua, Mke Aliyemtembeza Mumewe Mashimo Kumi na Manane

Dada yetu tunayemsindikiza leo, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Mama yao alikuwa mshonaji. Baba yao alifanya kazi na wapima barabara, na siku ambazo mnyororo wa kupimia ulikuwa umepelekwa kwingine, alipima kwa miguu. Alikuwa ameizoeza hatua yake iwe mita moja kamili, si pungufu si zaidi. Katika watoto wote saba, ni yeye peke yake aliyetaka kujifunza. Akiwa na miaka minane, na miguu yake mifupi, alikuwa akirukaruka nyuma ya baba kama chura ili hatua zao zilingane, na wenzake wakimcheka mpaka wanashika mbavu. Hakujali. Kutoka mlango wa jikoni mpaka bombani, alituambia, ni hatua thelathini na nne, na aliyesema ndoo ni nzito kwa sababu bomba liko mbali alikuwa anasingizia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza mwaka 1967. Mwaka uliofuata alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, akahitimu mwaka 1971. Mwalimu wa jiografia aliandika katika ripoti yake kwamba mwanafunzi huyu anachora vizuri lakini anabishana na kitabu. Ilikuwa kweli. Baada ya hapo alisoma miaka miwili katika chuo cha upimaji, darasa la wavulana ishirini na sita na wasichana wawili, na mwezi Machi 1974 akaajiriwa kuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji wa ardhi.

Alikaa katika ofisi ile miaka thelathini na mitano. Waliofanya naye kazi wanakumbuka meza yake ya mshazari karibu na dirisha la mashariki, kalamu zake za wino zilizopangwa kwa unene wa ncha, na kitambaa cheupe alichoweka chini ya kiganja ili jasho lisiguse karatasi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwenye kosa hakunyamaza. Safari moja alirudisha ramani iliyokwisha kusainiwa, kwa sababu kijito kilichorwa upande usio wake wa barabara. Mkubwa wake akamwambia kuwa kijito chenyewe ni kidogo, hakuna atakayeona.

"Ataona atakayejenga," akajibu, "siku atakapoamka kitanda kinaelea."

Ramani ikachorwa upya.

Ni katika ofisi hiyohiyo alikokutana na mumewe. Shemeji yetu alikuwa fundi wa simu, akaitwa kutengeneza simu ya chumba cha wachoraji. Aliitengeneza. Kesho yake akarudi kuikagua. Wiki iliyofuata akarudi tena, akafungua kifuniko, akachungulia ndani kwa muda mrefu, mpaka mchora ramani wa dirisha la mashariki akamwambia bila kuinua uso kwamba simu ile haijawahi kuwa nzima kiasi hicho, kwa hiyo aseme shida yake. Akaisema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja.

Gofu iliingia nyumbani kwao kwa njia ya waya. Shemeji alipewa kazi ya kuvuta laini mpya mpaka kwenye klabu iliyo nje ya mji, pale vilima vinapoanza, na aliyeingia na ngazi begani akatoka na ugonjwa wa gofu. Wanaoujua uwanja ule wanaelewa. Njia zake za nyasi zinapanda na kushuka kati ya misonobari, ziwa liko chini upande wa kushoto, na upepo wake hauna adabu. Shimo la saba ndilo linalotisha watu: mchezaji anasimama ukingoni mwa korongo lenye maji chini, na mpira lazima uruke hatua mia moja na arobaini hewani, la sivyo unapotelea majini. Shemeji alicheza huko kila Jumamosi. Marehemu hakuupenda mchezo huo hata kidogo. Alisema hajawahi kuona watu wazima wanaotupa kitu chao kwa nguvu zote halafu wanalalamika kwamba wanakitafuta.

Mwaka 1999 macho ya shemeji yalianza kufifia kwa presha ya macho. Alipasuliwa mara mbili. Kufikia Oktoba 2003 hakuona tena kitu chochote, hata mwanga wa dirisha. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alistaafishwa, akakaa kwenye kiti cha sebuleni, na katika kiti hicho akabaki. Marafiki walikuja, wakakosa la kusema, wakapungua. Fimbo zake za gofu zilisukumwa nyuma ya kabati, naye akamwambia mtoto wake mkubwa azigawe kwa yeyote anayezitaka. Marehemu alisikia, akamwambia mtoto asubiri kwanza. Alikuwa akienda kazini asubuhi na kumwacha kwenye kiti, akirudi jioni anamkuta kwenye kiti. Baadaye alimwambia mdogo wake, anayesoma wasifu huu, kwamba miezi ile alikuwa na mume aliye hai na tayari alikuwa mjane.

Jumamosi tarehe 5 Juni 2004 alizivuta fimbo nyuma ya kabati, akazifuta vumbi, akamwekea mumewe viatu miguuni. Shemeji akauliza wanakwenda wapi. Akajibiwa wanakwenda kutafuta mpira.

Pale klabu nahodha wa wachezaji aliwapokea kwa heshima lakini akasita. Alieleza kwa upole kwamba uwanja ule ni mgumu hata kwa wanaoona, na kwamba mtu anaweza kutumbukia korongoni. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza ni wangapi wenye macho yao mazima waliotumbukiza mipira korongoni wiki ile. Nahodha alianza kuhesabu, akaishia kucheka. Akawaruhusu.

Siku ya kwanza mashimo tisa yaliwachukua kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na walirudi wakiwa hawasemeshani. Lakini Jumamosi iliyofuata walikwenda tena. Polepole wakapata namna yao. Marehemu aliuweka uso wa fimbo nyuma ya mpira, akamgeuza mumewe mabega kuelekea shabaha, akamwambia umbali, mteremko na upepo, akarudi nyuma. Mpira ukikaribia shimo, alimshika mkono wakatembea pamoja kutoka kwenye mpira mpaka shimoni, akihesabu kwa sauti, ili miguu ya shemeji iseme na mikono yake. Hatua zake zilikuwa zilezile za baba yetu, mita kamili. Wachezaji wengine walianza kumwita Mama Hatua, na jina hilo likamganda. Yeye mwenyewe hakupiga mpira hata siku moja. Alisema kupiga ni kwa wenye hasira.

Alimwambia pia mambo ambayo shemeji hakuyauliza: kwamba ziwa leo limekunjamana kama shuka lililolaliwa, kwamba misonobari ya shimo la kumi na mbili imeota machipukizi, kwamba nahodha amenunua kofia isiyomkaa. Shemeji alilalamika kwamba yeye ameuliza umbali tu. Akaambiwa umbali unakuja, avumilie.

Mwaka wa pili kukatokea jambo ambalo wote wawili walipenda kulisimulia. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya shemeji, na alikuwa amecheza vizuri kuliko wakati wowote tangu apofuke. Kwenye shimo la saba mpira ukatumbukia korongoni. Marehemu akaitazama furaha iliyokuwa usoni mwa mumewe, moyo ukamshinda. Akamwambia umevuka. Wakazunguka kwa daraja, akatoa mpira mwingine mfukoni na kuuweka kwenye nyasi. Shemeji akainama, akaushika, akaupitishia kidole gumba.

"Huu si wangu," alisema. "Wangu ulikuwa na mkwaruzo." Akakaa chini palepale. "Mama, ukinionea huruma kwenye shimo la saba, nitakuaminije kwenye ngazi za nyumbani?"

Marehemu alilia, akaomba radhi. Kuanzia siku hiyo alimwambia kila kitu kama kilivyo: kwamba shati lina doa, kwamba amenenepa, kwamba mgeni anayezungumza naye amesinzia. Baada ya wiki mbili shemeji alimwomba apunguze ukweli kidogo. Hakupunguza.

Alistaafu mwaka 2009, na wakaanza kwenda uwanjani mara tatu kwa wiki. Tarehe 17 Septemba 2011, katika mashindano ya mwaka ya klabu, walipangwa kundi moja na wachezaji wawili vijana. Miaka saba walikuwa wamejaribu kuvuka korongo na miaka saba korongo lilikuwa limekataa. Siku hiyo shemeji alipiga, na mpira ukaenda. Akasubiri kuambiwa. Hakusikia kitu. Akauliza umekwenda wapi, bado kimya. Alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa pale sauti ya mkewe ilipotoka, nyembamba kama ya mtoto.

"Umevuka. Umevuka, baba. Uko hatua kumi na moja kutoka shimoni."

Wakachukua mipigo mitatu kumalizia hatua hizo kumi na moja, na katika mashindano walikuwa watatu kutoka mwisho. Hakuna aliyewahi kuwaona wakirudi nyumbani na furaha kama ile.

Ugonjwa wake uligunduliwa na kipofu. Mwezi Machi 2022 alikuwa akichoka, akijikaza, hasemi. Yeye aliyeapa kusema kila kitu, la kwake alilificha. Siku moja wakitembea kutoka kwenye msonobari wa pili kwenda kwenye shimo la mchanga, alihesabu kama kawaida, wakafika. Shemeji hakupiga mpira. Akamwambia kwamba miaka yote hapa ni hatua arobaini, na leo amehesabu hamsini na mbili.

"Uwanja haujarefuka," alisema. "Ni wewe. Tangu lini?"

Wakaiacha mipira palepale, wakaenda hospitali. Daktari alisema moyo umepanuka. Alipewa dawa, zikamsaidia karibu miaka miwili, lakini mapema mwaka 2024 akakatazwa kupanda kilima chochote. Ndipo alipomwita mkaza mwana wake, mke wa mtoto wake mkubwa, ambaye ni mwalimu wa chekechea, akamwambia ana kazi ya kumrithisha. Kila alasiri kwa wiki sita walizunguka uwanja kwa kigari cha klabu, na mkaza mwana, ambaye hata leo kushoto na kulia humpa taabu, alifundishwa misonobari, mchanga, miteremko na upepo.

Shemeji alipoambiwa alikataa katakata. Alisema hatakwenda na macho ya kuazima, na fimbo zirudi nyuma ya kabati. Siku tatu alikaa kwenye kiti chake. Siku ya nne marehemu alikwenda kukaa karibu naye, akaushika mkono wake.

"Mimi ninaondoka, mume wangu," alimwambia. "Sitaki uondoke pamoja nami wakati bado uko hapa."

Jumamosi tarehe 11 Mei 2024 shemeji na mkwewe walicheza mashimo tisa, na marehemu akawasubiri kwenye baraza ya klabu akiwa na blanketi magotini. Walirudi wanabishana. Shemeji alisema mtoto huyu anaeleza njia kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Mkaza mwana alisema baba hasikilizi, na katika darasa lake angekuwa amesimamishwa kwenye kona. Marehemu alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye blanketi. Kisha akawauliza ni Jumamosi au Jumatano watakayokwenda tena. Wakasema Jumatano.

Alilazwa tarehe 27 Januari 2025. Aliwakataza kukaa naye siku nzima na nyuso za msiba, na Jumatano tarehe 5 Februari akawafukuza waende kucheza kama kawaida yao. Alasiri shemeji alifika wodini akiwa bado na viatu vyenye nyasi. Marehemu hakuwa na nguvu ya kufumbua macho, lakini alimwomba amweleze. Basi shemeji akavuta kiti, akamweleza uwanja mzima, shimo baada ya shimo: upepo ulitoka wapi, mpira ulidunda mara ngapi, ziwa lilikuwa rangi gani kwa mujibu wa mkwewe. Mara mbili marehemu alimsahihisha. Walipofika shimo la kumi na tatu usingizi ulimchukua. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu anasema alimgusa mzee begani, akamwambia mama amelala. Mzee akajibu kwamba anajua, akaendelea mpaka la kumi na nane, kwa sauti ya chini, bila kuruka hata moja.

Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa moja kasorobo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha mume, watoto watatu, mkaza mwana mmoja na mkwe mmoja wa kiume, wajukuu watano na ndugu wanne. Ameacha pia wenzake wa ofisi ya upimaji na wanachama wa klabu, ambao leo wamefunga uwanja ili wafike hapa.

Mungu ampokee dada yetu, ampe pumziko jema, na amlinde aliyebaki.