Galeboe Seboni, Aliyeizalia Nyumba ya Dada Yake

Zamani mwanamke akikosa mtoto, ukoo wake ulimpelekea mdogo wake amzalie, na jambo likaishia uani. Siku hizi watu hukodi tumbo la mgeni kwa mkataba wa wakili, na picha husambaa kabla kitovu hakijakauka.

Marehemu Galeboe Seboni alizaliwa kijijini Kanye tarehe 9 Mei 1944, binti wa mwisho wa Mzee Tidimalo Seboni na Mama Keitheile. Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa akafukuze ndege kwenye mtama. Kaka yake Molathegi, anayesoma maneno haya, alimwazima vitabu vyake. Alivimaliza vyote, akavirudisha: “Kaka, humu hamna hata mtu mmoja anayepika.”

Hakuolewa kwa jina lake. Mwaka 1965 dada yake Sethunya, aliyeolewa Moshupa, alikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. Galeboe akapelekwa huko na blanketi jipya. Ng'ombe wa mahari walikwishatolewa, hawakuongezwa. Alimzaa Moagi, kisha Segametsi. Kila mtoto alipoacha ziwa alihamia chumbani kwa Sethunya, akafundishwa kumwita Galeboe mama mdogo. Mwaka 1970 alirudi Kanye, akalima na kupikia watu pombe ya harusi hadi nguvu zilipomwisha.

Mwaka 2018 alianza kutokwa damu. Ilikuwa saratani ya kizazi. Daktari kijana alimuuliza amezaa mara ngapi.

“Sijazaa, mwanangu.”

“Bibi, mbona mwili unasema umezaa?”

“Basi uulize huo mwili.”

Molathegi alikuwapo, hakumsahihisha. Kwa desturi jibu lilikuwa sahihi: watoto ni wa nyumba ile.

Alifariki Jumatano, tarehe 14 Agosti 2019. Ameacha kaka mmoja, na watoto wawili wa nyumba ya marehemu Sethunya, Moagi na Segametsi. Moagi aliomba, “Mjomba, andika kwamba ni mama yangu.” Yameandikwa haya. Ardhi ya Kanye impokee taratibu.

Mara ya mwisho Molathegi kumwona ilikuwa Jumapili, wodini. Tangu Ijumaa Galeboe alikuwa amekataa chakula. Moagi alimshikia kijiko cha uji.

“Mama, kidogo tu.”

“Mama yako yuko makaburini Moshupa. Usitukosee adabu.”

Moagi akatoka na bakuli. Galeboe akamgeukia kaka yake.

“Umesikia alivyoniita?”

“Nimesikia.”

“Mwite arudi na huo uji. Nina njaa.”

Molathegi akamwita, kisha yeye akabaki nje.