Kuna Mtu Humu Ndani Hajaambiwa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliomjua kwenye televisheni tu, karibuni. Marehemu tunayemzika leo wengi mlimwita Sajini. Hata karani wa makaburi alitaka kumwandika hivyo, mpaka mkwe akagonga meza akamwambia, "Bwana we, huyu alikuwa na jina lake."

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1946 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, mtoto wa nne wa fundi mitambo na mke wake muuza maziwa. Alizaliwa kimya. Mkunga alishamfunika kitambaa na kumgeukia mama yake ampe pole, ndipo kitambaa kikatikisika, mtoto akapiga yowe. Marehemu alipenda sana kuisimulia hiyo. Wengine walikuwa wakinyamaza, anacheka peke yake.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1953. Hakuwa wa kwanza wala wa mkia. Aliishia darasa la nane, baba yake alipoumia mguu kazini na nyumba ikahitaji mtu mwingine wa kuleta unga.

Mwaka 1964 aliajiriwa posta kuwa tarishi wa simu za maandishi, zile karatasi fupi zilizopelekwa mlangoni kwa baiskeli, na mara nyingi zilikuwa za msiba. Wenzake walikabidhi karatasi, wakatokomea. Yeye alivua kofia, akasema, "Naomba tukae kwanza," na hakutoa karatasi mpaka mtu akae. Ndivyo alivyompelekea mwongozaji mmoja wa michezo ya televisheni habari za kifo cha baba yake, mwaka 1971. Baada ya matanga, mwongozaji akamfuata posta. "Ile uliyonifanyia mimi," akamwambia, "njoo uifanye mbele ya kamera."

Akaifanya kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumatano jioni, akiwa Sajini katika mchezo wa polisi. Inspekta ndiye aliyekuwa na gari, koti refu na maneno mengi. Marehemu aliingia mara moja tu katika kila kipindi. Alibisha hodi tatu za taratibu, akavua kofia, akawakalisha watu, akawaambia nani amekufa, akaondoka. Dada aliyewapaka poda waigizaji anasema waliotakiwa kulia hawakuwahi kutiwa maji machoni. Walilia wenyewe, na wengine kamera ilipozimwa hawakunyamaza.

Kasheshe ilikuwa mtaani. Asubuhi moja jirani yake, mama mwenye duka la vyombo, alifungua mlango akamkuta marehemu amesimama, kofia mkononi. Masikini ya Mungu, alikuja kuazima ngazi! Yule mama akaanguka pale pale. Watu walicheka hadi mbavu zikawauma, na marehemu naye akacheka, mpaka mchana ilipokuja habari ya kweli kwamba mume wa yule mama, aliyekuwa safarini, amefariki, tena asubuhi ile ile. Kuanzia hapo hakucheka mtu. Walimsalimu kwa heshima zote, ila wakimwona anakunja kuelekea mlangoni kwao walitoka mbio kumpokea barabarani, asije akabisha. Mwenyewe akaacha kabisa kugusa milango ya watu. Alisimama mbali, akapiga mluzi. Hata kwenye harusi ya mpwa wake alipiga mluzi getini mpaka bi harusi akauliza nani kaja na ndege.

Tarehe 6 Aprili 1968 alikuwa amemwoa fundi cherehani aliyemshonea suruali ya kazi. Aliirudisha ile suruali mara kiuno, mara pindo, mara mifuko, hadi yule binti akamwambia, "Kaka, suruali haina neno. Sema shida yako." Basi akamwita Fundi maisha yake yote, hata mbele ya wakwe.

Walijaliwa watoto watatu. Mnajua wawili. Mjane ameagiza tumseme na yule mwingine, naye amesema asiyetaka kusikia aende akapunge upepo. Kifungua mimba wao alikuwa binti. Agosti 1974, kabla hajatimiza miaka minne, alilazwa hospitali kwa homa. Mama yake alikuwa nyumbani na kichanga, hakuweza kutoka. Baba ndiye aliyekaa naye. Mtoto alipofariki, marehemu alikuja hadi nje ya uzio, akashindwa kuingia. Akamtuma dada yake. Shangazi mtu akaingia analia, na Fundi akamwona mumewe kupitia dirishani, amesimama barabarani kama nguzo, kofia mkononi.

Jumatano iliyofuata, kwenye televisheni ya jirani, Fundi alimwona akimkalisha mama mwingine kitini, akimwambia kwa upole. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa zamani, lakini moyo haujui hayo. Akajisemea, wageni anawaambia, mimi akanikimbia. Hawakulizungumza tena. Chumba cha mtoto kilifungwa, kikawa cha kuwekea vitambaa, na jina lake halikutajwa katika nyumba ile kwa miaka karibu hamsini.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza mwaka 2021. Zilipotea miwani, yakapotea majina, ikapotea njia ya kwenda sokoni. Kisha akaanza kubisha hodi. Mtu aliyepiga mluzi miaka yote hiyo! Alitoa koti la Sajini sandukuni, akapita humo humo ndani, mlango wa jikoni, mlango wa bafu, hata kabati. Hodi tatu za taratibu. Ukimfungulia, anavua kofia, anakutazama usoni mpaka unahisi baridi, kisha anatikisa kichwa. "Siyo wewe," anasema kwa ile sauti ya Jumatano. "Kuna mtu humu ndani hajaambiwa."

Nyumba iliingiwa na hofu, tusifichane. Kitinda mimba alipigia simu ukoo mzima kuhakikisha wote wazima. Muuguzi wa kwanza aliaga. Wa pili hakuaga, aliacha na viatu. Mkewe hakuogopa hodi. Lililomkata maini ni kwamba hata yeye alimtazama vile vile, akamwita "Mama" kama mtu asiyemjua, akampita. Alitaka jambo moja tu kabla mumewe hajaondoka, amtambue.

Jumapili ya tarehe 15 mwezi huu, mchana, Fundi alifungua kile chumba kutafuta kitambaa cha pazia. Akaona kigoda cha mtoto, akakaa chini karibu nacho, akarudishia mlango. Anasema hajui alikaa muda gani. Akasikia hodi tatu.

"Karibu," akasema.

Marehemu akaingia, akavua kofia, akamtazama. Safari hii hakutikisa kichwa.

"Mama, naomba tukae kwanza."

"Nimekaa."

"Mtoto amefariki," akasema. "Leo mchana. Mwishoni hakuteseka. Aliuliza kama nguo yake ya njano imekwisha, akaambiwa imekwisha. Baba yake alikuwa amempakata."

Ile nguo ya njano ilikuwa bado kwenye cherehani siku ile, haijatiwa mikono. Hakuna aliyewahi kumwambia Fundi kwamba mtoto aliiulizia.

"Baba yake yuko wapi?" akauliza.

"Yuko nje, Mama. Anaogopa kuingia."

Fundi alikuwa na maneno ya miaka hamsini ya kumpa huyo mtu wa nje, tena makali. Akayatafuta, hakuyaona. "Mwambie aingie," akasema. "Mwambie sitamgombeza."

Sajini akavaa kofia, akatoka, akafunga mlango. Kukawa kimya kabisa, hata ubao wa sakafu haukulia. Fundi anasema hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote za ugonjwa ule, maana hakujua ni nani angeufungua ule mlango, au kama kuna mtu amebaki nyuma yake. Kisha mlango ukasukumwa bila hodi. Mumewe akasimama hapo, kichwa wazi, uso umelowa.

"Fundi," akasema. "Nisamehe, Fundi wangu. Nilishindwa."

Alimtambua siku hiyo, na zilizofuata. Walimzungumza mtoto wao kwa jina, wakacheka habari zake, wakalia. Koti lilirudi sandukuni. Alifariki nyumbani alasiri ya Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, mkewe amemshika mkono. Habari hii Fundi hakuletewa na mtu.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, wakwe wawili, wajukuu watano, na dada yake. Kuhusu kifungua mimba, mjane aliulizwa aandikwe wapi, miongoni mwa walioachwa au waliotangulia. Akafikiri kidogo, akasema, "Andikeni yuko na baba yake."

Wapumzike kwa amani, wote wawili.