Kadi Ambayo Haikuja

Benchi letu liko mkabala na ukumbi wa maonyesho, nje ya kibanda cha kahawa. Tulikuwa wanne: mimi fundi cherehani, Soli anayeshona viatu, Chaki mwalimu mstaafu, na Brashi, mchora mabango ya maduka. Wiki mbili sasa tuko watatu. Picha ya Brashi ilipokelewa mle ndani, kwenye maonyesho ya wasanii wa jiji zima, naye akawa hatoki humo asubuhi mpaka jioni. Nafasi yake tumeiacha wazi, na sitaki kudanganya, inauma.

Jana ilikuwa siku ya mwisho. Tulibishana juu ya vitu tulivyoviona kupitia kioo: ukuta wa vifuniko vya chupa, televisheni inayomwonyesha mwanamke anayeosha sahani ileile kutwa nzima, na shati la mkono mmoja lililotundikwa. Shati lile lilininyima raha. Nilitamani nilimalizie. Picha ya Brashi ilikuwa nyuma kabisa, haikuonekana.

— Vile vifuniko ni haba na haba hujaza kibaba — alisema Soli. — Mtu anaokota mpaka ukuta unajaa, basi.

Chaki akabisha. Wasanii wa siku hizi wanatoa wazo, si kitu. Mama wa sahani anatuambia kazi haina mwisho. Soli akamuuliza kama alihitaji televisheni kulijua hilo, na mkewe yupo nyumbani.

Kisha tukamgeukia Brashi, kama kila siku.

— Amejiona — nikasema. — Miaka kumi na mmoja tunakunywa naye kahawa, kadi ya mwaliko hata moja hakutuletea.

— Wamemvisha kitambulisho shingoni. Chanda chema huvikwa pete — alisema Soli.

— Mimi nadhani wanamwonyesha yeye mwenyewe — alisema Chaki. — Anasimamishwa pale kama picha. Haruhusiwi kutoka mpaka wafunge.

Hakuna aliyecheka. Tangu siku ya kwanza Soli alikuwa amepiga viatu vyake kiwi, na mimi shati langu la kutokea lilikuwa limenyooshwa, liko dukani. Tulikuwa tunangoja kualikwa.

Saa kumi na moja jioni, mama anayekaa mlangoni mwa ukumbi alivuka barabara kuja kununua kahawa. Akatutazama mmoja mmoja.

— Nyie si ndio wale wa kwenye picha ya Brashi?

Hatukujua kwamba ametuchora sisi.

— Kila mgeni Brashi anamwambia, "Wenyewe wanakuja." Nikamuuliza kama amewapa kadi, akanicheka. Akasema mtu haalikwi kwake.

Soli akavitazama viatu vyake.

— Sasa wiki mbili mlango uko wazi, na kuingia ni bure. Mlikuwa mnangoja nini?

Ng'ambo ya barabara Brashi alikuwa anatoka, amebeba picha kubwa iliyofungwa shuka. Nilisimama nimwite, nikaishia kuipangusa nafasi yake kwenye benchi. Brashi akaiweka picha vizuri begani, akashika njia ya upande wa pili, wala hakutazama huku.