Video ya Kumwona Mjukuu

Lile benchi limeegemea ukuta wa duka la donati, pale mjini Sudbury, upande usiopigwa na upepo, na wenyewe hawalikosi hata theluji ikianguka. Yupo Toivo, aliyebatizwa Skrini Nyeusi kwa sababu kufungua programu kwa kubofya anaona ni uvivu. Lazima aandike amri kwenye skrini nyeusi. Yupo Marlene, wanamwita Futa, maana kila kompyuta ikikohoa yeye anataka ifutwe yote na kuwekewa Linux nyingine, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Na yupo Réal Charbonneau, yaani Kikofia, ambaye kofia yake ya sufu haivuliwi Januari wala Julai. Wote watatu ni watu wa Linux, na asiyeitumia humwonea huruma kama mgonjwa.

Jumapili hiyo Réal alifika na laptopu kwapani, roho juu. Binti yake Josée, aliyehamia mji wa mbali wa Whitehorse, alikuwa amejifungua, na babu mtu hajamwona mjukuu hata kwa picha. Walikuwa wamenuniana tangu Krismasi ile Réal alipoikuta kompyuta ya binti inajikokota, akaifuta binti akiwa amelala, akamwekea Linux kama zawadi. Kulipokucha, programu ya Josée ya kuchorea ramani za nyumba, iliyokuwa inamlisha, haikuwepo tena wala haikukubali kurudi. Alisema tu, "Baba, hukuniuliza," akafungasha. Kisha, wiki moja kabla ya Jumapili hiyo, akatuma ujumbe: Jumapili mchana tuko nyumbani, ukitaka kumwona mtoto, piga kwa video. Réal aliusoma mpaka akaukariri.

Basi wiki nzima kijiwe kilikuwa kazini. Programu ya kwanza ilileta picha bila sauti. Marlene akafuta kila kitu, ya pili ikaleta sauti bila picha. Toivo akashika kibodi, na baada ya hapo hata printa iliyokuwa nyumbani ikagoma. Jumapili ikafika, bado hakuna kilichofanya kazi.

— Tatizo mnachukua programu zilizokwisha kupikwa, Toivo alisema, akiipuliza kahawa yake ya sukari mara mbili. Tuchukue msimbo mbichi, maandishi yenyewe ya programu, tuupike hapa hapa.

— Mara ya mwisho ulipika siku nzima, ukapata saa inayorudi nyuma. Kikofia, lete nifute.

— Umeshafuta, Marlene, Réal akasema. Hata jina langu laptopu hailijui tena.

— Ndiyo dalili kwamba imesafishika.

— Sikilizeni, Toivo akaendelea, sasa macho yanang'aa. Kwa nini tutegemee programu za watu? Tuweke mtambo wetu wa video kwenye stoo ya Kikofia. Binti aandike amri kama sita hivi, anaingia. Hakuna kampuni itakayomwona mtoto.

— Ana mtoto mchanga begani, Skrini. Ataandika kwa pua? Marlene akauliza.

— Basi tutengeneze Linux ya familia, kila mtu na ufunguo wake, na mtoto apewe wake.

Réal hakucheka. Alikuwa anarekebisha kamera ya laptopu, na kwa mara ya kwanza kioo chake kikaonyesha kitu: uso wake mwenyewe, umechakaa kuliko alivyodhani, chini ya kofia. Akaivua kofia. Wenzake wakakikodolea macho kile kipara, maana hawakuwahi kukiona. Akajaribu kutabasamu, akaona si hivyo, akajaribu tena. Hakutaka mengi. Alitaka kutokea mbele ya Josée kila kitu kikiwa tayari, asimsumbue kwa lolote, amsikie huyo mtoto hata akilia tu. Tangu Josée aondoke alikuwa anaweka vijiko viwili mezani bila kukusudia, kana kwamba bado wanakula pamoja.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja mwenye koti la kazi, mgeni, anangoja gari lake liwekewe matairi ya theluji kwenye gereji ya jirani. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo.

— Samahani, mzee. Huyo binti yako, yeye anatumia programu gani?

Toivo akamtazama Marlene. Marlene akatazama kikombe.

— Hatujui, Marlene akasema mwishowe.

— Hamkumuuliza?

 Toivo akaanza kufuta makombo ya donati kwenye suruali. Réal alihisi uso unawaka. Wiki nzima watu watatu walikuwa wamejenga daraja, na hakuna aliyetaka kujua ng'ambo ya pili iko wapi.

Akaifunga laptopu polepole. Akatoa ile simu yake ya kukunja, isiyo na kamera, akaifungua, akabonyeza jina moja. Iliita kwa muda mrefu. Kisha akasikia kichanga kinalia, karibu sana na sikio lake, na sauti ya mwanamke inakibembeleza.

— Josée, ni baba, akasema. Nilitaka kukuuliza.