Ravdna Hakukosea Mzizi

Ravdna, mke wa Jovnna Labba, alizaliwa tarehe 14 Juni 1947 ndani ya hema, kwenye malisho ya kiangazi juu ya kijiji cha Skibotn. Mama yake alinyweshwa maji ya fádnu, mmea wetu wa mlimani, akapata nguvu.

Mwaka 1954 alipelekwa shule ya bweni. Huko alichapwa kwa kunuka majani. Kusoma alikojali alikupata kwa bibi yake: fádnu iliyochanua iache imwage mbegu. Mzizi upasue kwa urefu. Ukikuta vyumba vitupu ndani, huo si fádnu, ni mmea wa kinamasi unaofanana nayo, muuaji. Tupa, kisu uoshe.

Kazi yake ilikuwa kuchunga kulungu wa theluji, na fádnu. Aliichemsha kwenye maziwa, nyumba ikala. Mwenye kikohozi alipewa mzizi atafune. Hakudhurika mtu. Hata mmoja.

Aliolewa Jumatatu ya Pasaka, 7 Aprili 1969. Kiangazi hicho mumewe alishuka na mzigo mzima wa fádnu, kifua mbele. Ravdna akautazama. "Wee mwanamume, umeniletea zilizochanua! Hizi ni kuni. Utazila mwenyewe." Alizila. Taya zilimuuma siku tatu.

Agosti 2022 kifua kilianza kumbana. Alifariki tarehe 19 Septemba, asubuhi, kwenye meza ya jikoni, kisu mkononi. Hajapoa, wifi yake Elle, dada wa Jovnna, anasema mlangoni: "Masikini wifi. Uzee huo, kachanganya mizizi." Neno likazunguka kijiji. Watu wakatupa mizizi mikavu aliyowapa kwa mkono wake. Wengine mmekaa hapa mbele ya jeneza lake.

Daktari alimpasua. Mshipa wa moyo ulipasuka. Sumu hakuna. Karatasi ipo, mwenye macho asome. Mumewe hasomi, ila mzizi wa mezani aliuona: umepasuliwa kwa urefu, ndani umejaa, mweupe, unanukia.

Jana Elle alimjia Jovnna. "Kaka, yaishe. Kesho tunazika."

"Yaishe vipi? Neno ulilisema mlangoni. Kalifute milangoni."

"Nyumba zote?"

"Hukuchoka kulipeleka."

Ravdna ameacha mume, binti yake Sunna, mwanawe Heaika, wajukuu wanne, na wifi mmoja mwenye nyumba thelathini na moja za kupitia.

Yeye apumzike kwa amani. Elle asipumzike kwanza.