Nyumba ya Fritznel na Mshauri Aliyengoja Kuombwa

Mheshimiwa Meya wetu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetoka mji mkuu Santiago mpaka kisiwani kwetu na viatu ambavyo havijawahi kuona matope, Padre Anselmo, Bi Erminda Nahuelquín, mwenyekiti wa wakazi, ndugu wageni waalikwa, wazazi, nanyi vijana wa Klabu ya Quilmenhue, mliokaa karibu na mlango ili mtoroke hotuba ikirefuka: habari za mchana.

Risala iliyosomwa hapa imesema kwamba mimi, Eliecer Cárcamo, mshauri wa klabu ninayestaafu leo, ndiye niliyewaunganisha vijana wetu, nikawafunza maadili na kuwaonyesha njia ya uraia mwema. Nilipokuwa nikisikiliza nilijiuliza: huyu bwana ni nani, na mbona hajawahi kupita kwangu? Naomba basi niseme yaliyotokea hasa, maana wengi wenu mlikuwepo na naona mmeshaanza kucheka.

Mnamjua Fritznel Exantus, mwokaji wetu wa mikate, aliyetoka Haiti na mkewe na binti yao Wideline, wakaishi kwanza Santiago kabla ya kuja kwetu. Mwaka jana alinunua nyumba, nyumba tu, kiwanja kiko kwingine. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usishtuke, huku ndivyo tunavyofanya. Nyumba inainuliwa, inawekwa juu ya magogo, maksai wanafungwa nira, na watu wanaivuta mpaka kwenye kiwanja kipya. Kazi hiyo tunaiita minga, na mvutaji halipwi, analishwa. Lakini sharti ni moja: mwenye nyumba apite mwenyewe mlango kwa mlango akiomba. Usipoombwa, huendi. Ukienda bila kuombwa, watu watasema umefuata nyama.

Mwenye shamba nyumba hiyo ilikosimama alitaka shamba lake liwe wazi kabla ya mvua za baridi, la sivyo angeipasua nyumba ile kuwa kuni. Na familia ingekwenda wapi? Ingerudi Santiago, kwenye chumba kile kimoja walichokikimbia. Wideline alikwisha kuanza kufunga vitabu vyake.

Sasa Fritznel haombi! Kwake yeye, kugonga mlango wa mtu usiyemzoea na kusema "nisaidie" ni kazi ya ombaomba. Akangoja waungwana waone shida yake waje. Waungwana nao wakangoja waombwe. Dukani watu wakawa wanasema, "Anajiona huyo, anadhani maksai wangu watajipeleka wenyewe." Na jikoni kwake Fritznel akawa anamwambia mkewe, "Hawa watu hawatutaki." Mvua ikawa inakaribia.

Mimi, kwa macho yangu ya kisomi, nikaliona tatizo mara moja. Ujumuishi! Ujumuishi haupo! Nikaitisha semina. Nikatundika bango ukutani: "Ujumuishi, Maadili ya Pamoja na Uraia wa Jamii." Walihudhuria Padre Anselmo, aliyedhani ni mazoezi ya kwaya, mke wangu, kwa kuwa ndiye mwenye funguo za ukumbi, na mbwa wa jirani yetu Barría. Nilisema, ndugu zangu, nilisema! Nilisema mpaka mbwa akaondoka.

Kule nyuma, Wideline na mwenzake Yasna Guineo walikuwa wanaandaa chai ya wajumbe wasiokuja.

"We Wide, baba'ko amewaomba akina nani?"

"Kuomba? Baba yangu? Atakufa kwanza."

"Ee! Kumbe hajaomba! Sasa ulitaka nani aje?"

"Si mtu akiona mwenzake ana shida anakuja tu?"

"Huku? Thubutu! Shoga, nyie mnatungoja sisi na sisi tunawangoja nyie, nyumba itaozea pale pale."

Wakaangua kicheko. Nami nikatoka, nikawakaripia wanyamaze, maana walikuwa wanaivuruga semina ya ujumuishi.

Kesho yake wakamtoa Fritznel nje, mmoja huku, mwingine huku, kama anapelekwa kituoni. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Erminda. Bi mwenyekiti, niwie radhi, lakini nitasema. Fritznel alisimama pale ameshika mkate, kwa kuwa hakujua mwombaji huwa anashika nini. Akasema, "Bi Erminda, mimi... naomba..." Akamnyooshea mkate. Naye Bi Erminda akamjibu, "Hatimaye! Maksai wangu wamenenepa bure kwa kukungoja. Ingia ndani, baba. Na huo mkate ni wa nani?" Fritznel alilia pale mlangoni. Ameniruhusu kulisema hili mbele yenu, alilia kwa sababu alikuwa tayari amekwisha kutuaga moyoni.

Wakapita kijiji kizima. Milango yote. Isipokuwa mmoja. Wangu.

Siku ya minga nikakaa dirishani nimevaa buti, nimenuna. Mke wangu akaniambia, "Si uende?"

"Sijaombwa."

"Makubwa! Si wewe uliyesema kwenye semina mtu asingoje kualikwa?"

"Ile ilikuwa semina."

Nikaiona nyumba ikipita mbele ya dirisha langu, mapazia yake yakiwa bado yametundikwa, maksai mbele, kijiji kizima kwenye kamba, wavuvi na wahudumu wa bekari wakipigiana kelele kwa lugha ambazo hakuna aliyezielewa zote. Niliumia. Nawaambieni kweli, niliumia. Ndipo Wideline akaingia mbio, matope mpaka magotini.

"Mzee Eliecer, yarabi, tumekusahau! Baba anakuomba!"

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha juu. Nilijua ni ama kamba ya mbele, ama hotuba. "Ananiomba nini, binti yangu?"

"Viazi. Akina mama wamezidiwa, viazi havijamenywa."

Nikaenda nikamenya. Yasna akawa kila akipita ananiambia, "Mzee, toa ganda tu, kiazi kibaki." Jioni, nyumba ilipokaa kwenye kiwanja chake na vyakula vilivyopikwa shimoni juu ya mawe ya moto vikafukuliwa vikifuka moshi, kome na nyama na viazi vyangu vidogo vidogo, nilikula kuliko wavutaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila mwaka ofisi yenu inatuuliza klabu inawafunzaje vijana uraia. Kila mwaka nimejibu kwa maneno marefu. Jibu lenyewe ni kwamba Yasna na Wideline wamecheza mpira pamoja, wametukanana, wamepatana, mpaka mmoja akaweza kumuuliza mwenzake swali ambalo sisi wazee tuliona aibu kuuliza. Ndiyo maana leo ninamkabidhi Wideline funguo za ukumbi kwa moyo mweupe. Bango lile pia nimemwachia, upande wa nyuma haujaandikwa.

La mwisho si langu. Juzi nilikwenda kununua mkate nikamkuta Fritznel amekunja uso.

"Kuna nini, jirani?"

"Jumamosi Barría anahamisha nyumba ya mama yake. Ameomba kila mtu. Mimi hajaniomba."

"Labda amesahau. Wewe nenda tu."

Akanitazama kama nimemtukana. "Niende? Hivi hivi? Watu waseme nimefuata nyama?"

Nilicheka pale dukani mpaka nikashika ukuta. Njiani nikalia kidogo, kwa furaha, kwa maana huyu mtu haendi tena popote. Huyu ni wetu, na kununa kwake ni kwetu kabisa.

Nimemaliza, waheshimiwa. Nawashukuru wote mlionipa masikio yenu, na mbwa ambaye leo amevumilia mpaka mwisho. Barría, nakuona safu ya pili unajificha nyuma ya kofia. Fritznel yule pale dirishani, na bado amenuna. Simama, bwana Barría. Mwombe.